Mlango wa bwate Lubumbashi: nani anaingia, nani anaambiwa "leo ni soare prive"?

MtotoWaKamalondo (mwanzisha uzi)

Ndugu zangu wa Lubumbashi, na nyote mnaosoma mkiwa mbali, naomba tuzungumze jambo hili bila kufichana. Usiku wa Ijumaa hapa kwetu, mbele ya bwate, yaani kilabu za usiku, na launji za upande wa Golf na za katikati ya mji, wapo wanaoingia na wapo wanaorudishwa, na mara nyingi kinachowatenganisha ni rangi. Pale ambapo rangi haitoshi, jina linamalizia.

Hakuna anayekutukana. Mlinzi anakuambia kwa heshima kabisa: "Papa, leo ni soare prive." Ukiuliza orodha ya walioalikwa iko wapi, anageuza uso. Punde si punde linasimama gari la kampuni ya migodi, wanashuka wazungu wanne, hakuna anayeulizwa jina, kamba inafunguliwa. Au utaambiwa meza zote zimeshikwa. Au utaambiwa ukitaka kuingia lazima ununue chupa nzima ya wiski, bei ambayo haikuandikwa popote na ambayo aliyekutangulia hakutajiwa. Haya nimeyaona nikiwa nimevaa shati lililopigwa pasi, pesa ninazo mfukoni, niko na rafiki yangu ambaye ni injinia kwenye kampuni ileile ya wale waliofunguliwa kamba. Jumatatu asubuhi wanakaa naye meza moja kwenye mkutano. Ijumaa usiku hawamjui.

Linaloniuma zaidi ni kwamba anayekurudisha ni mtoto wa mitaa yetu ya Katuba au Kenya kama wewe. Akivua lile koti jeusi la kazi, naye haingii. Amri ametoa mwenye nyumba au meneja aliyekaa ndani, na hakuiandika, ili kesho aweze kuikana. Kwa hiyo watu wanashikana mashati na mlinzi asiye na mkataba, na mwenye amri analala usingizi wake.

Mji huu ulijengwa hivyo. Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, ilianzishwa 1910, na kuanzia 1921 wakoloni waliwahamisha Waafrika waliokuwa wamekaa karibu na mji wa wazungu, wakawapeleka cité Albert, ndiyo Kamalondo ya leo. Kati ya pande hizo mbili waliacha ukanda mtupu wa karibu mita 700. Sababu waliyoitoa ilikuwa ya kidaktari: mbu aliyemuuma Mwafrika asifike kwa mzungu. Boyi aliyewapikia na yaya aliyewalelea watoto hawakuhesabiwa kuwa hatari mchana. Ilikuwa usiku ndipo Mwafrika alihitaji kibali cha kuonekana upande ule. Hata waliosoma hawakuponea. Mwaka 1948 ikaja kadi ya sifa za kiraia, 1952 ikaja matrikula, vyeti vya Mwafrika aliyehesabiwa kuwa "mstaarabu", na ili upate matrikula wakaguzi walikuja nyumbani kwako kuangalia mnakula vipi, mnalala vipi, choo kikoje. Babu zetu waliofaulu mtihani huo walibaki weusi mbele ya mlango wa kilabu cha wazungu.

Uhuru ulikuja 1960. Ukanda ule umejengwa, leo unatoka Kamalondo kwa miguu hadi Posta bila kuulizwa neno. Lakini saa nne za usiku, mbele ya kamba ile nyekundu, mita 700 zinarudi.

Tena tusiwasingizie wageni peke yao. Zipo nyumba za weusi watupu ambamo Mkasai, mtu wa asili ya Kasai, anarudishwa kwa jina lake, na siku hizi mtu wa Kivu anarudishwa kwa pua yake. Nataka tuzungumze yote mawili pamoja, kwa sababu kwangu ni kosa moja: nyumba iliyofunguliwa kwa umma haina haki ya kuchagua ngozi wala kabila.

Naomba sana waliowahi kufanya kazi ndani ya nyumba hizi waseme. Majina ya nyumba tusiyaweke hapa, uzi usije ukafa kwa kesi ya kuchafuliana. Tuseme yanayofanyika.

KijanaWaBelAir

Mukubwa, nakuheshimu, ila hapa unachanganya mambo. Mtu ameweka dola zake, amenunua jenereta, analipa wafanyakazi, analipa kodi za kila rangi. Ana haki ya kuchagua mteja. Ukumbi ukijaa vijana sita wanaogawana chupa moja ya bia ya Simba, atalipa nini mwisho wa mwezi? Mimi ni mweusi tii na nimeingia humo mara nyingi. Tatizo ni mfuko, siyo ngozi.

MtotoWaKamalondo

Mdogo wangu, basi bei iandikwe mlangoni. Ikiandikwa dola 50 nami sina, nitageuza nikanywe Simba yangu mtaani Kenya bila kinyongo. Ninachokataa ni bei inayozaliwa mdomoni mwa mlinzi akishauona uso wangu. Na hizo siku ulizoingia, ulikuwa na nani?

KijanaWaBelAir

Na bosi wangu. Mgiriki.

YayaWaKaunta

Nimesoma nikaona nisinyamaze. Nilikaa kwenye kaunta ya malipo ya nyumba mojawapo ya hizo, najua zinavyoendeshwa.

Meneja alikuwa anatuma ujumbe kwenye simu ya mlinzi, maneno mawili tu: "Wametosha sasa." Sote tulijua ni nani waliotosha. Weusi wakikaribia nusu ya ukumbi, mlango unabanwa kwao, na wengine wanaendelea kuingia. Sababu aliyotupa ni kwamba wateja wa migodi wakikuta ukumbi umejaa wenyeji watahamia kwingine. Hakuwahi kuwauliza. Mimi niliwasikia wenyewe kaunta pale wakilalamika kwamba wamekuja Kongo na kila usiku wanakunywa na sura zilezile za ofisini.

Kuhusu wasichana, hili watu wengi hawalijui. Binti mweusi akija peke yake, kapendeza, anaingizwa bure. Anahesabiwa pamoja na taa na muziki, kitu cha kuwafurahisha wageni. Binti huyohuyo akija ameshikana mkono na mchumba wake mweusi, wanaambiwa pamejaa. Mdogo wangu wa tumbo moja na mume wake walirudishwa hivyo, siku ya kumbukumbu ya ndoa yao. Wamevaa vitenge vya sare vilivyoshonwa kwa ajili ya siku ile. Aliniona kupitia kioo, nimekaa kwenye kaunta, nami nikamwona. Hatukusemezana pale. Mwezi uleule niliacha kazi.

Kwa hiyo Kijana wa Bel-Air, usituambie ni mfuko. Shemeji yangu alikuwa na pesa za kununua meza mbili.

Manseba_Katuba

Bakubwa na badogo, mi niko manseba, mutu wa pikipiki ya taksi, nalala Katuba ila kazi naifanya mu mji. Kila usiku napeleka batu ku bwate, narudisha bale banakatazwa. Yote naona.

Lakini ile iliniumiza mi mwenyewe haikuwa ya bazungu. Ilikuwa fasi ya batu beusi tu. Nilivaa muzuri, tuko na rafiki yangu. Ule wa ku mulango akaomba kadi ya mchaguzi. Akasoma jina, akageuza, akasoma fasi batu bangu banatoka: Kasai. Akasema, "Hapa hatupende fujo ya Bakasai." Rafiki yangu naye anaitwa Ilunga kama mi. Yeye ni wa Kabongo, ya hapa Katanga. Akapita. Ilunga mumoja ndani, Ilunga mumoja inje.

Mi nilizaliwa ku hospitali Sendwe hapa hapa Lubumbashi. Kasai sijakanyaga hata siku moja.

MtotoWaKamalondo

Pole sana, ndugu yangu. Na rafiki yako, alikunywa huko ndani?

Manseba_Katuba

Apana. Alitoka. Tulienda kula michopo ya mbuzi ku barabara.

MtotoWaKamalondo

Huyo ni rafiki.

Nieleze kidogo kwa vijana ambao hawakuwepo. Mwezi wa nane 1992, Étienne Tshisekedi, ambaye ni Mkasai, alipochaguliwa waziri mkuu na Mkutano Mkuu wa Kitaifa kule Kinshasa, hapa kwetu Katanga wanasiasa wa chama cha UFERI na vijana wao waliwageukia Wakasai. Hawa ni watu ambao babu zao waliletwa na kampuni ya migodi ya Union Minière na kazi za reli tangu enzi za Wabelgiji. Waliitwa bilulu, wadudu, hadharani, kwenye mikutano. Likasi ikafukuza, Kolwezi ikafukuza. Familia zililala kwenye vituo vya treni wiki kwa wiki zikisubiri behewa la kwenda Kasai, na wazee na watoto walikufa kwa maradhi kabla behewa halijafika. Waliong'olewa walifika mamia ya maelfu. Majirani waliokuwa wamezikana na kuozeshana watoto.

Ndiyo maana nikisikia mtu akisema "ni utani tu wa mlangoni", mwili unasisimka. Kabla ya treni zile kulikuwa na maneno kama hayo, yakasemwa kwenye baa, yakachekewa.

MwanafunziUNILU

Mimi natoka Bukavu. Mama ni Mushi wa Kabare, baba ni Mufuliru. Nimerefuka na pua yangu imechongoka, Mungu ndivyo alivyopenda. Tangu Goma ichukuliwe na waasi wa M23, wanaoongozwa na Watutsi, Januari 2025 na Bukavu mwezi uliofuata, kutoka usiku kwangu kumekuwa mtihani. Nilikwenda na wenzangu wa darasa kusherehekea kumaliza mitihani. Wote wakapita, mimi nikashikwa kifuani: "Wewe sema kwanza Kiswahili, tusikie." Nikasema. Kiswahili chetu cha Bukavu kikawatia shaka zaidi. Wakanitaka nitaje chifu wa kwetu. Nyumbani kwetu wamepoteza watu kwa vita hivyohivyo, na hapa naambiwa mimi ndiye vita.

Tena nataka niulize: hata ningekuwa Munyamulenge, Mtutsi wa Kivu Kusini, kosa langu lingekuwa lipi? Nimekuja kucheza muziki.

MtotoWaKamalondo

Lisomwe mara mbili swali hilo la mwisho. Wengi tunamtetea mtu kwa kusema "mwacheni, yeye si wao". Maana yake ni kwamba angekuwa "wao" tungemwachia wamrudishe.

WakiliMdogo

Naingia kwa upande wa sheria, kwa sababu naona watu wanadhani hakuna kitu. Kipo, tena cha zamani.

Sheria-amri nambari 66-342 ya tarehe 7 Juni 1966 inaadhibu ubaguzi wa rangi na ukabila. Yeyote atakayeonyesha chuki ya rangi, ya kabila au ya mkoa, kwa maneno, ishara, maandishi, picha au njia nyingine yoyote, anaweza kufungwa mwezi 1 hadi miaka 2, pamoja na faini au faini peke yake. Katiba ya 18 Februari 2006, kifungu cha 12, inasema Wakongomani wote ni sawa mbele ya sheria. Cha 13 kinakataza ubaguzi kwa sababu ya dini, asili ya familia, hali ya maisha, makazi, rangi, kabila, au kuwa wa jamii ndogo ya utamaduni au lugha. Kifungu cha 51 kinaitwisha serikali mzigo wa kulinda makundi madogo yote. Kwa ndugu zetu Batwa, wenyeji wa misituni, kuna hata sheria yao, ya tarehe 15 Julai 2022.

Linalogusa mlango wa bwate moja kwa moja ni mkataba wa kimataifa wa kuondoa ubaguzi wa rangi, ambao nchi yetu imeufuata tangu 1976. Kifungu cha 5 kinataja haki ya kila mtu kuingia mahali popote palipowekwa kwa ajili ya umma: usafiri, hoteli, mikahawa, kumbi za maonyesho, bustani. Na kifungu cha 215 cha Katiba kinaupa mkataba ulioidhinishwa na kutangazwa nguvu kuliko sheria ya kawaida.

Udhaifu uko wapi? Sheria ya 1966 inazungumza juu ya kuonyesha chuki. Haikuandika waziwazi "kumnyima mtu huduma". Mwenye nyumba atasema: sikumchukia, pamejaa. Hapo unahitaji ushahidi, na ushahidi ndio watu wetu hawakusanyi. Wanarudi nyumbani na hasira, asubuhi wanakwenda kazini.

Mkalimani_NjiaYaLikasi

Naomba niwatetee na niwalaumu Wachina kwa pamoja, kwa kuwa nakaa nao kila siku kiwandani.

Ni kweli, ipo mikahawa yao ambayo Mkongomani akisimama mlangoni anaambiwa jiko limefungwa, na huku wok, kikaango chao, inasikika ikichemka. Nimewaambia wakubwa wangu kwamba hilo ni tusi. Jibu lao ni kwamba wanaogopa wezi. Nikawauliza, je, mwizi anakuja na mke na watoto kuomba menyu?

Upande wa pili, vijana wao mafundi wanaishi ndani ya uzio, kazi, chakula, kitanda, vyote humo. Wakitoka, askari anasimamisha gari kwa sababu ya sura zao tu, wanalipa, wanarudi hawataki kutoka tena. Watoto wa mtaa wanawapigia makelele ya kuigiza lugha yao. Mmoja nilimleta nyumbani kwetu Kampemba siku ya Jumapili. Mama alipika bukari (ugali), sombe ya majani ya muhogo na samaki wa Kasenga. Kijana alikula kwa mkono, akaungua, akacheka, akaomba tena. Jirani yetu aliyekuwa amesimama kwenye ua kuangalia Mchina akaishia kukaa naye kucheza drafti, na akamshinda vibaya. Sasa kijana yule ananiuliza Jumapili ijayo ni lini. Meneja wake hapendi.

MtotoWaKamalondo

Asante kwa huyo wa sombe. Nijibu hapo, kwa sababu neno "kuchangamana" linasemwa sana kwenye semina na watu hawaangalii limefanyikaje hapa hapa mjini.

Wayahudi wa kisiwa cha Rhodes, Wagiriki, Waitaliano, Wahindi, wote walifika hapa wakiwa wachache. Sinagogi iliyojengwa 1930 bado imesimama. Sisemi walikuwa malaika. Chini ya Mbelgiji walikaa upande wa wazungu wa ule ukanda na walifaidika nao. Lakini wengi walifanya biashara na Mwafrika uso kwa uso, kwa hiyo walijifunza Kiswahili, na Kiswahili kikawaingiza kwenye nyumba za watu. Baba yake mwanasiasa Moïse Katumbi, Nissim Soriano, alikimbia Rhodes 1938 kwa sababu ya sheria za Italia za kuwabagua Wayahudi, akaja kuuza samaki kwenye ziwa Mweru, akaoa huko. Leo mwanawe ni rais wa timu ya mpira ya Mazembe na watu wa mtaa wa Kenya wanamwita mtoto wao. Wapo hata walioandaa muswada wa kumzuia mtu kugombea urais kwa sababu mzazi wake mmoja si Mkongomani, na hapa mjini waliopinga walikuwa wengi.

Nendeni uwanja wa Mazembe pale Kamalondo siku ya mechi. Mhindi wa duka la vitambaa amekaa na manseba, goli likiingia wanakumbatiana. Hakuna anayeomba kadi. Au nendeni kwenye maonyesho ya sanaa ya Biennale, inayofanyika hapa tangu 2008: mzungu, mweusi, mwanafunzi, mama wa sokoni, wote wako kwenye ukumbi mmoja na hakuna aliyeibiwa wala aliyepigwa. Kwa hiyo hoja ya "wateja watakimbia" ni uongo. Hawa watu wanajua kukaa pamoja wakiachiwa mlango wazi.

Sasa tufanye nini? Ufaransa walikuwa na tatizo hilihili kwenye bwate zao, dhidi ya Waarabu na weusi. Shirika la SOS Racisme lilianza kuwapima walinzi: wanapelekwa vijana wawili weusi au Waarabu, wamevaa sawa, hawajalewa. Wakikataliwa, nyuma yao wanakuja wazungu wawili wamevaa vilevile, bila kuweka nafasi. Wakiingia, kuna mashahidi waliosimama karibu wameandika kila kitu. Wenye nyumba walilalamika kwamba ni mtego. Mwaka 2002 Mahakama ya Juu ikasema ushahidi huo unapokelewa, na sheria ya 31 Machi 2006 ikauweka kwenye kanuni za adhabu. Kule kumnyima mtu kuingia mahali pa umma kwa ajili ya rangi ni kifungo cha hadi miaka 5 na faini ya hadi yuro 75,000. Ubaguzi haukuisha, lakini meneja anajua kwamba "wametosha sasa" inaweza kumfikisha kortini.

Wakili, hapa kwetu inawezekana?

WakiliMdogo

Kwa mambo ya jinai jaji wetu anaupima ushahidi kwa dhamiri yake, kwa hiyo sioni kinachozuia. Mfanye kwa adabu. Msimrekodi mtu kwa siri chumbani wala chooni, msimchokoze mlinzi, msimwage pombe. Mlinzi akikataa, muulizeni kwa upole sababu na mwombeni amwite meneja, kwa kuwa neno la meneja ndilo tunalolitaka. Andikeni saa, nguo mlizovaa, maneno yaliyosemwa kwa lugha iliyotumika, na nani aliingia baada yenu. Kila shahidi aandike peke yake usiku uleule, atie sahihi, kabla hamjasimuliana. Risiti za walioingia zihifadhiwe, maana zinaonyesha saa na kama walilazimishwa kununua chupa. Malalamiko yanakwenda parke, ofisi ya mwendesha mashtaka, nakala kwa ofisi ya mkoa ya Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu. Kuyaandika nitayaandika mimi bila malipo.

Na wafanyakazi wa zamani kama Yaya wa Kaunta ni dhahabu. Ujumbe mmoja wa simu uliobaki unazidi maneno yetu yote.

YayaWaKaunta

Simu ile ilikuwa ya mlinzi. Namjua anakokaa. Sitamlazimisha, ana watoto. Nitakwenda kuzungumza na mke wake kwanza.

KijanaWaBelAir

Mukubwa, bado nasema mwenye biashara ana haki zake. Lakini ile ya vitenge vya sare imenikaa rohoni tangu jana. Na huko kupima mlango, wazungu mtawatoa wapi?

MtotoWaKamalondo

Ndiyo nilikuwa naelekea huko. Mwenye rafiki mzungu, Mhindi au Mchina anayeweza kusimama mstarini nyuma yetu, akae na risiti yake na atie sahihi, aniandikie pembeni. Manseba, wewe na Ilunga mwenzako nawahitaji kwa ile nyumba nyingine. Mwanafunzi wa Bukavu, ukiwa tayari. Usipokuwa tayari hakuna atakayekulaumu.

Manseba_Katuba

Tuko. Mafuta ya pikipiki mi nalipa.

KijanaWaBelAir

Nitamuuliza bosi Jumatatu. Anasema kila siku kwamba yeye ni mtu wa Lubumbashi.